Beki wa Mkopo: Barua Kabla ya Mechi

Wiki jana tulimwacha Kigingi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na mtu amesimama mlangoni anamwambia maneno matatu.

"Vua. Huchezi leo."

Zilikuwa zimebaki dakika thelathini mechi ianze.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Kigingi ni beki wa kati, umri miaka kumi na tisa, mrefu, na akishasimama mahali hasogezeki; ndiyo asili ya jina. Yeye ni mchezaji wa klabu kubwa, lakini klabu kubwa ilimpeleka kwa mkopo kwenye timu ndogo ya daraja la pili akakomae. Amekaa miezi saba. Amekula viwiko, amecheza kwenye viwanja vyenye mashimo, amefua jezi yake mwenyewe kwenye ndoo.

Leo ni mechi ya mwisho ya msimu. Timu ndogo iko nyumbani, na wageni wao wako nao mkiani mwa ligi. Mmoja atabaki, mmoja atashuka daraja. Sare inawatosha wenyeji. Wakifungwa, kwaheri.

Na aliyesimama mlangoni ni mtu wa klabu kubwa anayefuatilia vijana waliotolewa kwa mkopo. Wachezaji wanamwita Bwana Mikopo. Kila akija, hakosi wa kumuuliza riba ni asilimia ngapi.

Leo hakuna aliyeuliza.

"Mabeki wawili wa timu ya kwanza wameumia asubuhi mazoezini," alisema Bwana Mikopo. "Klabu inacheza kesho. Kigingi yuko kwenye orodha ya kesho. Gari liko nje."

Mwalimu wa timu ndogo aliitwaa barua aliyonyooshewa, akaisoma akiwa ameisogeza mbali na macho. Ni mtu mnene, mpole, mwenye filimbi mbili shingoni kwa sababu moja haiaminiki.

"Nusu saa kabla ya mechi ndiyo mnakumbuka?"

"Mkataba unaruhusu kumwita wakati wowote. Saini hapo chini kwamba umeipokea."

"Sisaini."

"Mwalimu."

"Nimesema sisaini. Mchukue, siwezi kumfunga kamba. Lakini mkono wangu hautaandika kitu."

Bwana Mikopo akaikunja barua, akairudisha mfuko wa ndani wa koti.

Ndani ya Kigingi watu wawili walikuwa wanagombana. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyelala na jezi ya klabu kubwa mwilini, akaamka nayo, akaenda nayo shule. Mwingine alikuwa beki aliyewaona hawa watu wakifika mazoezini saa kumi na moja jioni, wametoka kazini, mikono ina rangi na saruji.

Akamtazama Nahodha.

Nahodha ana miaka thelathini na saba. Mchana ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na goti lake la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Yeye ndiye atakayebaki peke yake katikati ya ulinzi Kigingi akiondoka.

"Kaka, nifanye nini?"

"Nenda, mdogo wangu," alisema Nahodha. Hakuchukua muda kufikiri. "Riziki ikibisha hodi huiambii ingoje nimalize kufunga kamba za viatu. Nenda."

Kigingi akavua.

Hakuna aliyempa mkono. Si kwa ubaya. Hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

---

Gari lilikuwa jeupe, safi, lenye harufu ya plastiki mpya. Walipopita mzunguko wa barabara, simu ya Kigingi ikalia. Mama.

"Mwanangu, ni kweli? Wamenipigia kutoka klabuni. Wanasema umeitwa timu ya kwanza."

"Ndiyo, mama."

Mama yake anafua mashuka hospitalini. Nyuma ya sauti yake mashine zilikuwa zinaunguruma.

"Nimewaambia wenzangu wote hapa. Nimezima mashine mbili ili wanisikie. Msimamizi amenikaripia, nikamwambia nikate mshahara ukitaka." Akacheka, kisha kicheko kikageuka. "Baba yako angekuwepo."

"Najua, mama."

"Umekula?"

"Nitakula."

Akakata simu. Bwana Mikopo aliendesha bila kugeuka. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni.

Kigingi akataka kumweleza mtu mwingine habari njema. Akampigia kipa wa akiba wa klabu kubwa, waliyelala naye chumba kimoja bwenini miaka mitatu.

"Kumbe mabeki wameumia? Nakuja huko."

"Mabeki gani?"

"Wa timu ya kwanza. Asubuhi, mazoezini."

"Leo hatukufanya mazoezi. Tulikuwa na kikao tu. Mabeki wote wazima, mmoja yuko hapa mbele yangu ananyoa ndevu. Nani kakuambia wameumia?"

Kigingi alishusha simu taratibu.

"Mzee," alisema, "nani ameumia?"

Gari likapita kituo cha mafuta. Likapita ghala la mbao.

"Nakuuliza kwa heshima. Nani ameumia?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo kesho sichezi."

"Kesho huchezi. Utakaa jukwaani, na wiki ijayo utakaa jukwaani."

"Basi mmenitoa kwa nini?"

Bwana Mikopo alipunguza mwendo. Mtu akibeba uongo umbali mrefu, akipata pa kuutua huutua wote kwa mkupuo.

"Timu mnayocheza nayo leo," alisema, "mkurugenzi wetu amepatana na mwenye timu hiyo. Kuanzia msimu ujao, vijana wetu wote wa mkopo watapelekwa huko. Wanane kwa mpigo. Itakuwa kama shamba letu la kuoteshea miche. Lakini wakishuka daraja, mpango umekufa, maana hakuna atakayekubali vijana wetu wakacheze ligi ya chini kiasi hicho. Mkurugenzi anataka wabaki. Ili wabaki, nyinyi mshuke. Ili mshuke..."

"Nitoke mimi."

"Ndiyo."

Saa ya gari ilionyesha saa kumi kamili. Huko nyuma mwamuzi alikuwa anapuliza kipenga.

"Simamisha gari."

"Kijana, nina watoto watatu shuleni."

"Sikuambii urudi. Nakuambia usimamishe."

Likasimama. Kigingi akatupa begi begani, akafunga mlango bila kuubamiza, akaanza kukimbia kurudi walikotoka. Uwanja ulikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Kwa miguu, angefika watu wakiwa wamekwenda kulala.

Alilijua hilo. Alikimbia tu.

Alipita ghala la mbao. Alipita kituo cha mafuta, mhudumu akamshangilia akidhani ni mazoezi. Ubavu ulikuwa umeanza kumchoma aliposikia gari likipunguza mwendo kando yake. Kioo kikashuka.

"Panda," alisema Bwana Mikopo. "Beki anayefika amechoka hana faida kwa mtu."

Kigingi akapanda. Gari likaondoka kwa kasi ambayo plastiki mpya haikuizoea.

"Mimi nilikopeshwa timu tano," Bwana Mikopo alisema, macho barabarani. "Nilikuwa winga. Kila nilipopelekwa niliambiwa, nenda ukakomae, tutakuja kukuchukua. Timu ya tano nilikaa nikingoja mpaka nikaanza kuota mvi. Hakuna aliyekuja. Kazi hii niliiomba ili mimi niwe yule anayekuja kuwachukua." Akapiga honi kwa lori lililokuwa linageuza katikati ya barabara. "Leo nimekuja kukuchukua. Angalia nilivyokuchukua."

Lori lilikuwa limebeba matofali, na dereva wake hakuwa na haraka. Lilirudi nyuma, likaenda mbele, likarudi nyuma. Nyuma yao foleni ikajipanga. Kigingi alivaa soksi za mechi ndani ya gari. Akavaa viatu. Akafunga kamba, akafungua, akafunga tena.

---

Waliposhuka mbele ya geti la uwanja walisikia sauti ya watu wengi wakiguna kwa pamoja. Anayejua mpira hahitaji tafsiri. Wenyeji walikuwa wamefungwa.

Moja bila. Dakika ya arobaini na tatu.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni ya mstari, filimbi moja mdomoni bila kuipuliza. Alimwona Kigingi anakuja ukingoni mwa uwanja. Hakushangaa, au kama alishangaa alikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

"Umekuja kuangalia au kucheza?"

"Kucheza, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Jina lako lipo. Nilimwambia mwamuzi unaanzia benchi."

"Ulijua nitarudi?"

"Sikujua. Nilikuwa mvivu wa kulifuta."

Kigingi alianza kupasha misuli joto. Jukwaa kuu, kwenye viti vyenye mito, mtu mmoja akasimama. Suti ya kijivu, miwani ya jua, kichwa kimenyolewa kikang'aa. Mkurugenzi wa klabu kubwa alikuja kujionea mwenyewe mpango wake ukitimia, na sasa alikuwa anaona kitu ambacho hakikuwemo kwenye mpango huo. Akamnong'oneza kijana wa karibu yake, kijana akashuka ngazi mbili mbili.

Muda si muda mwamuzi wa akiba akaja benchi.

"Mwalimu, kuna malalamiko. Wanasema huyu amerudishwa klabu yake. Si mchezaji wenu."

"Nani ana barua?"

Mwamuzi wa akiba akageuka huku na huku. Bwana Mikopo akajitokeza nyuma ya benchi. Alikuwa anatoka jasho kama aliyekimbia yeye.

"Barua ninayo mimi," alisema. "Haijasainiwa kupokelewa. Haijakabidhiwa kwa mtu yeyote. Mpaka ikabidhiwe, huyu ni mchezaji wa hapa."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye kazi ya kuikabidhi."

Mwamuzi wa akiba akaandika namba ya Kigingi kwenye kikaratasi chake.

Mapumziko, chumbani, Nahodha alikuwa amelala chali sakafuni, barafu kwenye goti. Bao lilipita kwake. Mshambuliaji wa wageni alimzunguka kama anazunguka nguzo ya taa. Alipomwona Kigingi mlangoni, rangi ya uso wake ilibadilika, na kila mtu alidhani ni furaha.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, kaka."

"Mwalimu, nitoe mimi," alisema Nahodha. "Goti limekwisha."

"Nikikutoa sina mtu mrefu mbele. Tunataka bao."

"Siwezi kukimbia."

"Kusimama unaweza?"

Nahodha alifikiri. "Kusimama naweza."

"Basi nenda ukasimame mbele ya lango lao. Usifanye kitu kingine chochote. Winga namba saba anapumzika. Kigingi, shika ukuta."

---

Kipindi cha pili wageni walikuja kama watu waliosikia mlango uko wazi. Waliukuta umefungwa.

Mpira wa kwanza Kigingi aliupiga kwa kichwa hadi nje ya uwanja. Wa pili aliuchukua mguuni mwa mshambuliaji kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Wa tatu aligongwa nao tumboni akapiga magoti, akainuka kabla mwamuzi hajauliza.

Dakika ya sitini. Dakika ya sabini. Bado moja bila.

Jukwaani mke wa Nahodha alikuwa amefunika uso kwa mtandio na kuacha jicho moja.

Dakika ya sabini na sita wenyeji wakapata mpira wa adhabu karibu na mstari wa kati. Mbali mno kupiga lango. Kigingi akauweka chini. Kule mbele Nahodha alikuwa amesimama vile vile alivyoagizwa, mguu mmoja umebeba uzito wote, mabeki wawili wa wageni wamemzunguka bila kujua wamkabe vipi mtu asiyekwenda popote.

Kigingi akaupiga juu. Ukaenda, ukaenda, ukaanza kushuka. Kipa wa wageni akatoka, akasita, akarudi. Mabeki wawili wakaruka pamoja wakagongana. Mpira ukawapita wote ukamkuta Nahodha kwenye ugoko.

Hakuupiga. Alipigwa nao. Ukageuka, ukadunda mara mbili, ukaingia golini polepole kama mgeni asiye na uhakika na nyumba.

Moja kwa moja.

Nahodha alianguka chini na wenzake wakamwangukia. Waliposimama, yeye hakusimama. Goti lilikuwa limegoma kabisa. Walipombeba nje alimwita Kigingi, akavua kitambaa cha unahodha, akamfunga mkononi.

"Utanisamehe," alisema.

Kigingi akadhani anaomba msamaha kwa kutoka.

Zilibaki dakika kumi na nne, na wageni walizitumia zote. Walipiga mwamba. Walipiga nyavu za pembeni. Mara moja mpira ulimpita kipa na Kigingi akauokoa kwenye mstari kwa goti, uso wake umefunikwa na udongo.

Kisha, dakika ya themanini na tisa, akakosea. Mshambuliaji alimgeuka ndani ya eneo la hatari, Kigingi akanyoosha mguu nusu sekunde baadaye, na nusu sekunde katika mpira ni siku nzima. Mshambuliaji akaanguka. Mwamuzi hakufikiri mara mbili.

Penalti.

Kigingi alisimama katikati ya watu na kujiona mtu wa kijinga kuliko wote duniani. Amerudi, amekimbia barabarani, amemtia mtu mzima kwenye matatizo na mwajiri wake, ili aje awashushe daraja kwa mguu wake mwenyewe.

Kipa wa timu ndogo ni muuza mayai. Kila asubuhi anapeleka trei arobaini kwa baiskeli, na anapenda kusema kwamba yeye hana ruhusa ya kudondosha kitu. Alimjia Kigingi, akampangusa udongo usoni kwa glavu.

"Umeniletea kazi," alisema. "Haya, kaa pembeni."

Mshambuliaji akarudi nyuma hatua tano. Akaja. Akapiga chini, kulia.

Muuza mayai aliufuata, akaufunika kwa mwili wote, na hakuuachia mpaka mwamuzi alipomwomba mara mbili.

Kipenga cha mwisho kilisikika kwa watu wachache tu. Waliobaki walikuwa tayari uwanjani. Timu ndogo imebaki. Wageni wameshuka. Mwalimu alikaa kwenye nyasi, akapuliza filimbi zake zote mbili kwa pamoja. Ile isiyoaminika ndiyo iliyolia.

---

Kigingi hakupata nafasi ya kusherehekea. Kijana wa Mkurugenzi alimshika kiwiko. "Unaitwa ofisini."

Ofisi ya uwanja ni chumba chenye meza moja, kabati la vikombe vyenye vumbi, na feni isiyozunguka. Mkurugenzi alikuwa amekaa. Bwana Mikopo alikuwa amesimama pembeni kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

"Umecheza vizuri," Mkurugenzi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu. "Huyu bwana kuanzia sasa si mfanyakazi wetu. Wewe bado ni mchezaji wetu kwa miaka mitatu." Akasukuma karatasi mezani. "Mkopo mpya. Miaka miwili, kwenye timu uliyoishusha leo. Utawasaidia kupanda."

"Na nikikataa?"

"Hakuna anayekulazimisha. Utarudi kwetu, utafanya mazoezi peke yako saa kumi na mbili asubuhi, na siku ya mechi utakaa jukwaani. Miaka mitatu. Ukimaliza utakuwa na ishirini na miwili, na hakuna atakayekumbuka ulikuwa unacheza nafasi gani."

"Usisaini kwa kuogopa," alisema Bwana Mikopo.

"Wewe huna sauti humu," alisema Mkurugenzi, bado kwa adabu.

Kigingi alishika kalamu. Aliishika kama mtu anayepima uzito wake. Alikuwa hajaamua, na angesema kweli kama ungemuuliza.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa kocha wa wageni, kocha wa timu iliyoshuka nusu saa iliyopita. Macho mekundu, shati limetoka nje ya suruali. Mkononi ana simu.

"Siku ya mechi huwa nazima simu," alisema. "Nimeiwasha sasa hivi." Akamgeukia Mkurugenzi. "Nimekuta ujumbe wako wa asubuhi, kwamba beki wao utamwondoa. Mimi nimefungwa kihalali leo, bwana. Nimeshuka kihalali. Sikukutuma uninunulie njia, na kijana huyu simchukui kwa karatasi hiyo hapo mezani."

Mkurugenzi alivua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kigingi kumwona macho.

"Toka nje," alisema.

"Natoka. Lakini kijana aone kwanza." Kocha akamgeukia Kigingi, na sauti yake ikashuka. "Mwanangu, huyu hakuamka tu akajua kwamba bila wewe ukuta wenu unaanguka. Kuna mtu wa ndani alimwandikia siku tatu zilizopita. Leo asubuhi Mkurugenzi wako amenitumia ujumbe wenyewe, pamoja na namba ya aliyeuandika, ili niamini."

Akamwekea simu mkononi.

Maneno yalikuwa machache. *Mwiteni kijana kabla ya mechi. Tafadhali, mwondoeni hapa. Msimwambie ni mimi.*

Kigingi aliitazama namba iliyokuwa juu ya maneno hayo. Hakuhitaji kuitafuta kwenye simu yake. Kwa miezi saba alikuwa akiipigia kila siku kabla ya mazoezi, na mwenye namba alikuwa nje pale mlangoni, amebebwa mabegani mwa watu, anaitwa jina lake uwanja mzima.

Nahodha.